Mtoma wa Bakuli Uliopona Kupita Kiasi

Siku shemeji yangu alipofika kwangu Ihanda kwa bodaboda, amekumbatia bakuli la udongo kama mama anayetoka kliniki na mtoto mchanga, nilipaswa kumwambia, "Hapana, mti huo siuwezi." Nilisema, "Niachie mimi." Nimeyajutia maneno hayo kuliko yote niliyowahi kutamka, na mimi ni mtu niliyewahi kumwambia mama mkwe mbele ya wageni kwamba ndizi zake zimeungua.

Huyu shemeji ni mdogo wake mke wangu. Anaishi Nyakahanga. Kiumri ni mdogo kwangu pia, na kwa taratibu zetu alipaswa kuniamkia shikamoo kila tukikutana. Tangu nilipomuoa dada yake hakuwahi. Alikuwa anaanza kupiga kelele akiwa bado njiani, migomba haijamalizika:

"Mwizi! Mwizi wa dada za watu! Umeamka?"

"Mwenye mali, karibu. Mali yako iko jikoni inanipikia."

"Nimekuja kuihesabu. Nasikia unaipunguza."

Kisha angeingiza mkono kwenye mfuko wa shati langu, bila kuomba, achukue kahawa ya kutafuna. Mimi huweka punje chache mfukoni kila asubuhi, kama walivyofanya baba zetu. Wageni wengine tunawapa kwenye kisahani na wanapokea kwa mikono miwili. Yeye alikuwa anachota kama anatoa kitu alichokisahau mwenyewe. Mke wangu alizoea kusema kwamba yeye aliolewa ili sisi wawili tupate mahali pa kutaniana.

Siku ile ya bakuli, mkono haukuja mfukoni. Ulikuwa umeshika mti.

Mti wenyewe ulikuwa wa marehemu mkewe. Alikuwa muuguzi, na zamani, katika jarida moja kuukuu kazini, aliona picha ya mti wa Kijapani unaoitwa bonsai: mti wa miaka mingi, wenye shina la kizee na ndevu zake, unaokaa juu ya meza. Alirudi nyumbani akakata tawi la mtoma, mti wa jamii ya mkuyu, mpakani mwa kibanja chao cha migomba. Mtoma huu huu tunaoujua wote, ambao ukichomeka kijiti leo unaanza kufikiria utamfunga mbuzi gani hapo. Akaupanda kwenye bakuli. Akawa anaupunguza mizizi, anaupogoa kwa mkasi wa kucha, anauzungushia waya wa shaba ili ujipinde. Watu walimcheka sana. Mwanamke wa Karagwe, kwenye udongo unaoweza kuotesha mpini wa jembe, anafuga mti ndani ya bakuli na kuukataza kukua! Yeye aliendelea tu. Miaka ikapita, mti ukawa na shina lililokunjika kama kiwiko, majani madogo yanayong'aa, na kimo kisichofika goti. Alipofariki, waya wake wa mwisho ulikuwa bado umezunguka pale kwenye kiwiko. Shemeji hakuugusa.

Alichofanya ni kuumwagilia maji kila alipomkumbuka mkewe, na alimkumbuka mara nyingi mno. Kwa hiyo mti ulipofika kwangu ulikuwa umejaa maji kama sifongo, majani ya njano, mengine yakianguka hata kwa kutazamwa.

"Unaumwa," shemeji akasema. "Na mimi naumwa. Naenda Dar kwa mwanangu, wanaitazama hii nyonga. Mwezi hivi, nitarudi."

"Niachie mimi," nikasema.

"Sikiliza kwanza, mwizi." Sauti yake haikuwa ya utani. "Nguo zake wamechukua dada zake. Vyombo nimegawa. Hiki ndicho kitu kilichobaki ambacho mikono yake ilikitengeneza. Nakitaka hai, na nakitaka kidogo. Hivi hivi kilivyo."

"Hai na kidogo," nikarudia, kama mtu anayekula kiapo.

Lazima niwaeleze jinsi kichwa changu kilivyokuwa. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, na somo nililolipenda lilikuwa baolojia. Kwa maisha yangu yote, hapa kijijini, mbuzi akikohoa nimetoa maoni. Mgomba ukinyauka nimetoa maoni. Nikauzunguka ule mti uliokuwa barazani, mikono nyuma, nikamwambia mke wangu kwamba tatizo ni dhahiri.

"Una njaa."

"Una maji," mke wangu akasema. "Tazama, bakuli linavuja."

"Mama, mti wa umri huu, kimo hiki! Ningekuwa na mtoto wa namna hii ningekuwa nimeshaitwa ofisi ya ustawi wa jamii."

Hapo ndipo kosa letu sisi watu wa migomba lilipo. Kwetu kila kinachoota kinatunzwa kwa njia moja: kilishe. Mgomba, mbuni, maharage, mgeni, wote dawa yao ni kuongezewa. Hakuna hata mmoja wetu aliyefundishwa kutunza kitu kwa kukinyima. Nikachota samadi kutoka zizini, ile ya chini iliyoiva, nikaijaza kwenye bakuli mpaka mti ukaonekana kama mtu anayezama na kuinua mkono. Juu nikaweka nyasi za kufunika, kama kwenye kibanja. Siku iliyofuata nikaongeza mkojo wa ng'ombe uliochachushwa, ambao kila mkulima hapa anajua kwamba hauna mfano.

"Mzee, hiyo sasa ni supu," mke wangu akasema.

"Ni lishe."

Nzi walikubaliana nami. Walikuja kutoka Ihanda yote. Mwenyekiti wa jumuiya yetu alifika kutusalimia, akakaa barazani kidogo, kisha akakumbuka ana safari. Majani yakaanguka mengine. Mke wangu akautoa mti barazani akauweka nyuma ya choo, akisema huko utapata wenzake wa harufu moja.

Nikapanda bodaboda hadi kwenye duka la pembejeo kule Kihanga. Dada wa dukani alikuwa anachambua mchicha juu ya mfuko wa chanjo za kuku.

"Shikamoo mzee. Mgonjwa ni nani?"

"Marahaba. Ni mti."

"Mbuni?"

"Mtoma."

Akaacha mchicha. "Mtoma unaumwa? Mimi sijawahi kuona mtoma unaumwa. Kwetu baba alikata mtoma akajengea choo, choo kikachipua."

"Huu uko kwenye bakuli."

"Bakuli la nini?"

"La udongo. Ni mti wa kimo hiki." Nikamwonyesha kwa mkono.

Akautazama mkono wangu, akanitazama usoni, akashusha sauti kama mtu anayezungumza na mfiwa. "Mzee, nyumbani uko na nani?"

Nilirudi bila dawa. Nilipolipindua lile bakuli, mizizi ilikuwa myeusi na inateleza, inanuka kama maharage yaliyosahauliwa. Nikaogopa kweli. Niliwaza shemeji amelala kule Dar, nyonga imefunguliwa, anapigiwa simu kuambiwa kwamba kile kitu kilichobaki nimekioza kwa mkojo wa ng'ombe. Nikachukua kisu, nikakata mizizi yote iliyooza mpaka nikaona nyeupe. Nikaiosha kwa maji safi. Kisha, kwa kuwa bakuli lilikuwa bado linanuka, niliupanda ule mti ardhini, nyuma ya jiko, mahali maji ya kuoshea vyombo yanapopita. Nikauwekea vijiti na kipande cha mfuko wa salfeti juu kama kivuli.

"Hii ni wodi," nikamwambia mke wangu. "Wiki mbili, kisha unarudi bakulini."

Kwa kweli mpaka hapo sikuwa nimefanya vibaya. Mtu anayejua bonsai angenisifu, nadhani. Mti ulikaa kimya, kijiti kitupu chenye kiwiko, waya wake wa shaba ukimetameta. Kila asubuhi kabla ya chai nilichuchumaa mbele yake nikakwaruza gome kwa ukucha nione kama bado kuna ukijani. Mke wangu akasema yeye mwenyewe sijawahi kumkwaruza kuona kama yuko hai. Kisha mvua za vuli zikaanza, na asubuhi moja nikaona ncha nyekundu, ndogo kama kichwa cha kiberiti. Jani!

Niliita kwa sauti, mke wangu akatoka jikoni na mwiko akidhani ni nyoka. Nikampigia shemeji.

"Mwizi!" Sauti yake ilikuwa hafifu, walikuwa wamemaliza kumpasua. "Mti je?"

"Umechipua!"

Nilisikia anapumua. "Asante," akasema. Kwa miaka yote hajawahi kunishukuru kwa lolote, hata kwa kumlisha.

Mti ulipokuwa na majani kama ishirini hivi mke wangu akaniletea bakuli, limesuguliwa kwa jivu.

"Umepona. Urudishe."

"Mgonjwa hatolewi wodini siku anapopata nafuu. Wiki moja zaidi."

Hiyo wiki moja zaidi ndiyo iliyonimaliza. Wiki ilipokwisha ulikuwa mzuri zaidi, nami nilikuwa nimenogewa. Jirani akipita nampeleka nyuma ya jiko: "Tazama, ulikuwa maiti huu." Kuna raha ya kuonekana daktari ambayo sikuwahi kuipata mahali pengine. Nyonga ya shemeji nayo ikakataa, wakaifungua tena, mwezi ukawa miezi, miezi ikawa mwaka na zaidi. Mti ukafika kiunoni. Ukafika kifuani. Kuku mmoja akalichukua bakuli akataga ndani yake, na mke wangu hakuwa na moyo wa kumfukuza, kwa kuwa ni kuku peke yake aliyekuwa analitumia.

"Unakata lini?" akaniuliza.

"Ukitulia."

"Mzee, huu ni mtoma na unakunywa maji ya sufuria. Utatulia ukifika mbinguni."

Siku nilipolazimika kuinua uso kuona ncha, nilijua nimepotea. Shemeji alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada. "Mti je?" Nami: "Mzima. Umeongezeka kidogo." Jumapili nyingine: "Mti je?" "Uko imara." Hayo yote ni kweli, nikajidanganya.

"Mwambie," mke wangu akasema. "Atacheka."

"Nitamwambia akirudi. Mgonjwa hashtuliwi."

Kisha akaomba picha.

Nilitafakari sana. Mwishowe nilitoka na simu, nikavuka kibanja cha jirani, nikapanda juu ya kichuguu kikubwa kule mwisho, nikaupiga picha mti nikiwa mbali kiasi kwamba ulionekana kama kisamvu kwenye sahani. Jiko nililiacha nje ya picha. Nilijivunia akili hiyo njia nzima ya kurudi. Nikamtumia.

Simu ikalia.

"Mwizi, nimeiona. Mdogo, mzuri. Ila kuna mdudu mweupe hapo chini ya shina."

"Mdudu gani?"

"Nimeikuza picha. Ana pembe."

Nilikuwa nimemsahau mbuzi. Alikuwa amefungwa pale pale, anatafuna.

"Ni wadudu wa huku," nikasema.

"Ana ndevu."

"Mwaka huu wadudu wametusumbua sana, shemeji."

Akasema polepole, "Una jambo lolote la kuniambia, mwizi?"

"Hakuna. Nitampulizia dawa."

Mke wangu alikuwa amekaa karibu, anamenya ndizi. Aliweka kisu chini akanitazama kwa muda mrefu, kisha akakichukua akaendelea kumenya.

Habari kwamba shemeji anarudi zilipokuja, mti ulikuwa umelipita paa la jiko. Nilijaribu kuukata nikashindwa mahali pa kuanzia. Hapakuwa tena na mti mdogo ndani yake wa kuutoa. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa shambani nasimamisha jembe. Nilikata kitawi kutoka juu, nikamwondoa kuku, nikakichomeka bakulini. Ni mtoma, ukashika. Nikaukunja kwa kamba uwe na kiwiko. Nikafungua redio yangu mbovu, nikachomoa waya wa shaba, nikauzungusha.

"Sishiriki," mke wangu akasema. "Mimi nitapika tu."

Shemeji alikuja na fimbo, amekonda. Kutoka njiani: "Mwizi! Umeiuza mali yangu au bado ipo?" Nikashindwa hata kujibu vizuri. Aliingiza mkono mfukoni mwangu akachukua kahawa. Nilihisi vidole vyake kifuani, nikatamani nimwambie pale pale. Badala yake nikampa bakuli.

Alilipokea akaliweka mapajani. Alitabasamu. Aligusa majani kwa kidole kimoja, yale majani ambayo hayakuwa ya mkewe, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Nadhani kwa muda mfupi aliamini. Kisha kidole kikashuka kwenye waya.

"Huu ni waya wa redio," akasema.

Nikageuka kumfukuza kuku.

"Wake ulikuwa mnene. Aliuomba kwa fundi umeme." Akakwaruza udongo kidogo. "Na hapa pana kinyesi cha kuku."

Akasimama, akashika fimbo, akazunguka jiko. Nilimfuata. Mbuzi alikuwa pale, amefungwa, na ndevu zake, akatulilia. Shemeji akatazama mbuzi, akatazama shina, kisha akaanza kuinua kichwa, akaendelea kukiinua, mpaka kofia ikaanguka.

"Mdudu wako huyu," akasema.

"Ndiye."

"Ulimpulizia dawa?"

"Sikumpulizia."

Mabega yake yakatikisika. Alikuwa anacheka, nami nikapumua, nikaanza kucheka pia. Mke wangu mlangoni akacheka. Tulicheka mpaka mbuzi akanyamaza. Kisha shemeji akainama kwa shida, akashika shina chini. Kiwiko kilikuwepo bado, kimenenepa kama paja, na waya wa mkewe ulikuwa umemezwa na gome, imebaki ncha tu inayochungulia. Aliigusa ile ncha. Alikaa ameinama hivyo, na aliponyooka hakuwa anacheka tena.

"Mti umekua, basi, mti hukua," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nimelala chali kule, nimekuwa kama gogo, hakuna hata mtu wa kunitania. Nilimwona mbuzi siku ile ile. Kila Jumapili nikakupa nafasi. Ungeniambia, ningecheka mwaka mzima. Na leo unanipa kijiti chenye waya wa redio, unaniangalia nikikipapasa."

"Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe."

Alirudi barazani, akakitoa kile kijiti bakulini taratibu, asikiumize, akanikabidhi. Alichukua bakuli tupu. Kile kijiti nilikichomeka mpakani na sasa nacho ni mti mkubwa.

Shemeji anakuja bado. Nyonga imepona, hutembea polepole, husalimiana na dada yake, na kabla ya kuondoka hupita nyuma ya jiko akasimama mbele ya mti. Mizizi imeanza kuinua ukuta wa jiko na siwezi kuikata, wala mke wangu hataki niikate.

Lakini haniiti mwizi. Anafika mlangoni kimya, anavua kofia, anainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, shemeji." Nasema marahaba. Nimejaribu kumchokoza, nimemwambia mali yake iko jikoni inanipikia, naye hutabasamu kwa adabu na kuuliza habari za mvua. Punje za kahawa nampa kwenye kisahani. Anazipokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Kwa lile "niachie mimi," na kwa uongo nilioupanda juu yake, nilimpoteza rafiki niliyekuwa naye tangu nilipooa. Anayekuja sasa ni ndugu wa mke wangu.